Modeli Haimjui Magokoro

Kampuni ya simu ninayoitumia, ambayo sitaitaja kwa kuwa bado inanidai kredo, imejiaminisha kwamba inanijua. Kila asubuhi, kabla sijanawa uso, ujumbe umeshaingia: nimeteuliwa, nimetengewa bando langu peke yangu, na nisipolinunua kabla ya saa sita usiku litapotea. Jirani yangu, mwalimu mstaafu ambaye simu yake haina hata kamera, ametengewa lilelile. Kijana wa bodaboda wa njiapanda vilevile. Kijiji kizima tumeteuliwa peke yetu.

Na tumeteuliwa kwa kipi? Dakika za kuongea kuanzia saa nne usiku hadi alfajiri! Huku kwetu Manga, kaunti ya Nyamira, simu ikilia saa nane usiku watoto wanaamka, mbwa anabweka, na anayepokea huuliza "Ni nani amekufa?" kabla ya kusema halo. Sijasikia mtu aliyepigiwa saa hiyo akaambiwa ng'ombe amezaa mapacha. Sasa mimi nimpigie nani kwa dakika zao hizo? Mkwe wangu?

Nilikuwa nikidhani mambo haya hufanywa na mtu mmoja aliyekaa Nairobi akichovya mkono kwenye kapu la namba. Desemba iliyopita mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, akaja nyumbani kula sikukuu na kunifumbua macho. Hakuna kapu. Kuna sayansi. Kijana huyu amesomea mawasiliano ya simu, na ameajiriwa na watu ambao kazi yao ni kukaa mbele ya kompyuta na kukisia mimi nitafanya nini kesho. Ila wao hawaiiti kukisia. Wanaiita modeli.

"Mjomba," akaniambia, "mnara hauna nafasi isiyoisha. Watu wakiamua wote kutazama video saa moja jioni, mnara unalemewa. Wakiandika ujumbe, hausikii kitu, maana ujumbe mfupi ni herufi 160 tu. Wakipiga simu, kila anayeongea anashika nafasi yake hadi akate. Kwa hiyo lazima tujue mapema mtachagua nini. Tukijua, tunajua mnara upi tuuongezee nguvu na bei ipi tuishushe ili baadhi yenu mhamie saa ambazo mtandao umelala."

Hapo ndipo nilipoelewa zile dakika za usiku wa manane. Hawakuwa wananipa zawadi. Walikuwa wananihamisha, mimi na mbwa wangu.

Na si wao wa kwanza. Huko Uganda, miaka ya 2009 hivi, MTN walikuwa na mpango ulioitwa Zone, ambapo punguzo la bei lilionekana kwenye kioo cha simu na kubadilika kulingana na saa na mnara uliosimama karibu na mwenye simu. Mnara ukiwa na kazi kidogo, punguzo linapanda. Matokeo yake kuna watu waliokuwa wakikesha kungoja bei ishuke ndipo waongee. Wahandisi walifurahi kwamba mzigo umesogea. Aliyelala huku mwenzake akiongea na shangazi hadi karibu na alfajiri hakuulizwa.

Mpwa wangu, kuona nimenuna, akaamua kunipa mfano wa kunishinda. Akanisimulia habari za Daniel McFadden, mchumi wa Marekani. Miaka ya 1970, huko eneo la San Francisco, walikuwa wanajenga reli mpya iitwayo BART. Wakubwa walikadiria kwamba asilimia 15 ya wasafiri wangeipanda. McFadden na wenzake wakawauliza watu wanavyosafiri, wakapima muda, nauli na usumbufu wa kila njia, wakapiga hesabu, wakasema hapana, ni asilimia 6.3. Treni ilipoanza kazi ikawa asilimia 6.2. Mwaka 2000 mzee akapewa Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na James Heckman.

Nilikubali kwamba hiyo ni kazi. Mtu aliyekadiria hivyo, kwetu angekabidhiwa kamati ya mazishi akadirie idadi ya sahani. Lakini nilimwambia mpwa wangu jambo moja, na ndilo ninalolishikilia hadi leo: yule abiria wa San Francisco alichagua treni bila kumfikiria mkwe wake.

Hakunielewa. Ndiyo shida ya kusomea Nairobi. Akafungua kompyuta yake hapo hapo, baada ya chakula cha mchana, matumbo yakiwa yamejaa obokima, yaani ugali, na mboga za chinsaga, akatangaza kwamba atatuthibitishia kwa kutumia familia yetu wenyewe. Kila mtu angeulizwa umri, simu yake ni ya aina gani, anatumia pesa ngapi kwa wiki. Kompyuta ingepima bei, ubora na haraka, iipe kila huduma alama zake, halafu itabiri kila mmoja anachagua nini: kupiga, kuandika, kutuma sauti kwa WhatsApp, au nini.

Akaanza na mama yangu, ambaye tangu apate wajukuu sote tunamwita Magokoro. Magokoro ana simu ya kubonyeza, ile ya mulika mwizi, yenye tochi kali kuliko ya askari wa zamu. Matumizi yake kwa wiki ni karibu na sufuri. Ana kredo ya shilingi ishirini aliyoiweka kwa ajili ya dharura, na tangu aiweke hakujatokea dharura ya kiwango chake. Kompyuta ikafikiri, ikatoa jibu: mtumiaji wa ujumbe mfupi, maana ndio wa bei ya chini.

Magokoro hajawahi kuandika ujumbe mfupi maishani mwake. Macho yake hayaoni herufi zile, na hata yangeziona asingezitumia, kwa sababu anasema mtu haongei na mwanawe kwa kumwandikia barua kana kwamba ni chifu.

"Magokoro," mpwa akauliza kwa upole wa mtafiti, "ukitaka kuongea na mjomba aliye Minnesota unafanyaje?"

"Ninamngoja apige."

"Na kama ni jambo la haraka?"

"Ninamflashi mama yako. Yeye atampigia."

"Sasa gharama ya hiyo simu niiandike kwa nani?"

Magokoro akamtazama, akaitazama kompyuta. "Kwa niliyemsomesha kwa majani chai."

Hapo modeli ilinyamaza. Haikuwa na mahali pa kuandika majani chai. Kwa hesabu zake Magokoro ni mteja maskini asiyetumia mtandao, ilhali ukweli ni kwamba akibonyeza kitufe chake mara moja na kukata, simu tatu zinapigwa Nairobi, moja inavuka bahari kwenda Marekani, kikao kinaitishwa, na mimi ninaulizwa kwa nini paa la jiko lake bado linavuja. Ni yeye anayeendesha mtandao wa ukoo huu, na bili yake ni sufuri. Wangempelekea yeye yale matangazo ya asubuhi, labda wangeuza kitu.

Kuna mtu aliyeliona hili mapema. Jonathan Donner, mtafiti Mmarekani, alikaa Rwanda akiwauliza watu kuhusu kuflashi, na mwaka 2007 akachapisha makala nzima juu ya kanuni zake. Aligundua kwamba simu inayokatwa kabla ya kupokewa ina lugha kamili. Ipo ya kusema nipigie. Ipo ya mpango, ambapo mmeshaelewana kwamba mlio mmoja maana yake nimefika. Na ipo ya kusema tu nimekukumbuka. Na zaidi ya yote, mwenye nacho ndiye anayepiga. Mwanamume anayemchumbia msichana haflashi. Anayeomba msaada mkubwa haflashi. Wanyarwanda wakamfundisha, naye akaandika.

Kwetu kanuni ni hizo na zaidi. Mkwe haflashiwi. Ukimflashi baba mkwe wako wewe uliyechukua binti yake, na ng'ombe bado hawajafika wote, usishangae kikao kikiitwa. Mimi nina shemeji mmoja, mwenye duka kubwa kuliko nyumba yangu, ambaye huniflashi kila Ijumaa. Nikimpigia ananiambia, "Aa, shemeji, nilikuwa nakusalimia tu." Ananisalimia kwa kredo yangu! Kompyuta ya mpwa wangu ilisema kwamba mimi ninachagua kupiga simu Ijumaa jioni kwa kuwa ninathamini ubora wa sauti.

Kampuni nazo ziliumizwa na kuflashi, maana simu isiyopokewa hubebwa na mtandao mzima bila kulipwa hata senti. Wakatoa ujumbe wa bure wa kumwomba mtu akupigie. Safaricom wakauita Flashback. Wazo lenyewe lina hadithi huko Afrika Kusini: Nkosana Makate, mhasibu mwanagenzi wa Vodacom, alikuwa na mpenzi mwanafunzi aliyekuwa mbali naye, hana kredo. Kutokana na shida hiyo, mwaka 2000 akapendekeza huduma hiyo kwa wakubwa wake, na mwaka uliofuata ikaanza. Malipo yake yakageuka kesi ndefu, hadi mwaka 2016 Mahakama ya Katiba ilipoiamuru kampuni ijadiliane naye kuhusu fidia. Makate hakuwa na modeli. Alikuwa na mpenzi asiye na kredo, na hilo lilimfundisha zaidi.

Basi tuseme wamejifunza habari za wakwe. Bado kuna milima. Mtu akikaa Nairobi na kutazama takwimu zetu anachekelea. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira, na Kisii wamebanana zaidi ya 900 kwa kila kilomita mraba. Wateja tele mahali pamoja, sivyo? Ramani iko bapa. Ila kutoka Suneka hadi Kebirigo hakuna mahali pa kuweka mpira usibiringike. Busta, ndio mnara wenyewe, iko juu ya kilima, nyumba yangu iko upande wa pili wa kilima, na mawimbi ya simu hayajui kupiga kona. Ninaona taa nyekundu ya busta ikimetameta usiku, naye anayeongea nami ananiambia, "Unapotea, unapotea, uko kisimani?"

Kwa hiyo katika boma letu mtandao upo mahali pamoja: kwenye kisiki cha mkaratusi, mwisho wa shamba la ndizi, kando ya njia ya umma. Anayetaka kuongea husimama juu ya kisiki na kuelekea Kisii. Mke wangu huendesha chama kizima akiwa pale juu. Shida ya kisiki ni kwamba kila anayeenda mtoni anasikia. Ndiyo maana habari njema tunazisema kwa sauti kisikini, mtoto akifaulu mtihani wanajua hadi ng'ambo ya bonde, na madeni tunayaandika kwa ujumbe. Mpwa wangu alikuwa ameandika kwenye jedwali lake kwamba mimi huchagua ujumbe mfupi "kwa sababu ya gharama". Gharama gani? Ninachagua ujumbe kwa sababu ninayemwomba nyongeza ya muda ana dada anayepita njia ile ile kwenda mtoni.

Kisha akaniambia jambo nililodhani ni utani. Kwenye teknolojia ya 3G, eneo linalofikiwa na mnara hupungua watumiaji wanapokuwa wengi, na kupanuka wakipungua. Wahandisi wanasema seli inapumua. Nikamwomba arudie. Akarudia. Nikamwita mke wangu aje asikie, kwa sababu kwa miaka mingi amekuwa akisema kwamba alfajiri jikoni kuna mtandao na jioni hakuna, nami nikimwambia jiko haliwezi kuhama. Kumbe jiko halihami, mtandao ndio unaovuta pumzi na kutuacha nje. Mke wangu hakusema kitu. Aliniangalia tu, na huo ulikuwa ujumbe mfupi usiofika herufi 160.

Lakini wewe una laini mbili, mtu ataniambia. Moja ikipotea, tumia nyingine. Ndivyo na kompyuta ilivyosema! Ikaniwekea kwamba mimi ni mtu mwenye machaguo mawili, na uwezekano wa kukosa yote mawili ni mdogo mno. Mvua ya saa tisa ikaja, ile ya kila siku, radi ikapiga, stima ikapotea, na laini zote mbili zikafa pamoja. Mpwa wangu akatoka nje, akatazama juu kilimani, akarudi ameinamisha kichwa. Mnara ni mmoja. Kampuni siku hizi hupanga kwenye minara ya watu wengine, antena zao zinakaa juu ya chuma kimoja, zinakula stima moja.

Akakiri kwamba hili lina jina katika masomo yao. Modeli ya McFadden, ile ya kawaida, huchanganyikiwa ikipewa vitu viwili vinavyofanana. Mfano wao ni mabasi mawili: mtu ana gari lake na basi jekundu, ukileta basi la buluu la njia ile ile na nauli ile ile, modeli inadhani hata baadhi ya wenye magari watahamia basi la buluu, kana kwamba rangi ni njia mpya ya kusafiri. Wataalamu wanalijua tatizo hilo tangu zamani na wametunga modeli nyingine za kulikwepa. Vizuri. Basi waje wazitumie Manga, kwa sababu hapa nimebeba basi jekundu na basi la buluu mfukoni, nayo yote yameegeshwa kwenye gereji moja isiyo na stima.

Na kwa nini nilinunua laini mbili? Hilo nalo halikuwa chaguo langu, lilikuwa la bei. Zamani kupiga kutoka kampuni moja kwenda nyingine kulikuwa anasa, kwa sababu kampuni inayopiga huilipa ile inayopokea. Mwaka 2010 ada hiyo ilikuwa shilingi 4.42 kwa dakika, ikakatwa hadi 2.21. Agosti mwaka huo Zain wakashusha bei ya kupiga hadi shilingi 3, vita vikaanza, na watu wakawa wanaongea hadi simu inachoma sikio. Kabla mwaka haujaisha Zain ikageuka Airtel, yenyewe ikiwa imeshakuwa KenCell na Celtel, ingawa Magokoro hadi leo anaiita Kencell na sioni wa kumsahihisha. Mwaka 2024 ile ada ya kuunganisha ikashuka hadi senti 41. Ukuta umebaki kimo cha goti. Lakini mpe mtu yeyote pale sokoni Daraja Mbili namba yako, atakuuliza kwanza, "Ni laini gani?" Bei imeshuka, woga haujashuka.

Aprili 2011 tuliletewa dawa nyingine: kuhama kampuni ukabaki na namba yako ile ile. Wasomi walitarajia msafara. Waliohama walikuwa wachache mno. Modeli ya bei na ubora haiwezi kulieleza hilo, lakini mama mboga yeyote angelieleza kwa sentensi moja: namba ingehama, M-Pesa isingehama nayo. M-Pesa ilikuwa na miaka minne tu wakati huo, ilianza Machi 2007, na tayari ndiyo iliyokuwa ikilipa karo. Nani ahame na namba aache mkoba? Kwa Magokoro, pesa ikiingia hata bila neno, ameshapata habari kwamba mwanawe yuko hai na ana kazi.

Sasa nije kwa Mdenmaki. Mpwa wangu anamheshimu sana Agner Krarup Erlang, aliyefanya kazi kwenye kampuni ya simu ya Copenhagen na kuanza kuchapisha hesabu zake mwaka 1909. Yeye ndiye aliyewafundisha watu wa simu ni nyaya ngapi zinatosha watu wangapi, na hadi leo mzigo wa mtandao hupimwa kwa kipimo chenye jina lake. Sina ugomvi na marehemu. Ila Denmark, nchi nzima, kilele chake hakifiki mita 200, na mji wa Kisii uko kwenye mita kama 1,700, nasi tunaishi kwenye mabonde yake. Na fomula yake maarufu ina masharti mawili ya kiungwana. La kwanza, kila mtu anapiga simu kwa wakati wake, bila kufuata mwingine. La pili, akikosa nafasi, anaiacha simu na kwenda zake.

Anakwenda zake! Mgusii, mtu wa huku kwetu, akiambiwa mtandao una shughuli anapiga tena. Akikataliwa anapiga tena huku akilaani. Anampa na mwenzake ajaribu kwa simu yake, kisha wote wawili wanapiga kwa pamoja. Wataalamu wameunda hesabu za wapigaji wasiokata tamaa, mpwa anasema, lakini nadhani walipima watu waliokata tamaa kidogo.

Na habari ya kila mtu kwa wakati wake, hiyo ilikufa kwenye mazishi. Mtu akifa Alhamisi, kufikia jioni kundi la WhatsApp limeshafunguliwa, lina mweka hazina, katibu na wagomvi wawili. Jumamosi boma lina watu mamia, kila mmoja anapiga kumwelekeza mwingine njia kutoka Keroka, na Keroka yenyewe Kisii na Nyamira hazijaelewana ni ya nani, sembuse kuelekezana. Vijana wa kamera wanapeperusha mazishi moja kwa moja kwenye intaneti ili watu wa Minnesota walie kwa wakati. Mnara uliowekwa kwa ajili ya wakulima wa ndizi unabeba Marekani. Picha inafika, naam, lakini mwenye mahema amesimama nyuma ya nyumba akingoja pesa yake iingie kwa simu, na haiingii mpaka jeneza lishushwe na kamera zizimwe. Sisemi mambo haya ni mabaya. Ninasema yana tarehe. Tunazikana wikendi. Bonasi ya majani chai huja mwezi wa kumi hivi, na siku hiyo kuanzia Nyansiongo hadi Ogembo kila mkulima anabonyeza simu kuona kama imeingia. Shabana, timu ya mpira ya huku kwetu, wakicheza Gusii Stadium, tangu waliporudi Ligi Kuu mwaka 2023, uwanja mzima hutaka kuwatumia walio Nairobi goli lile lile kwa dakika ile ile. Hakuna ujanja wa kompyuta unaohitajika hapo. Kalenda ya ukutani inatosha.

Mpwa wangu ni kijana mzuri, lazima niseme. Kabla hajarudi Nairobi aliongeza safu mpya kwenye jedwali lake, akaiandika "Nani analipa?", na nyingine, "Nani anasikia?" Akaijaribu tena familia. Kompyuta ilizunguka hadi betri ikakaribia kuisha, kisha ikasema haiwezi kutulia kwenye jibu. Aliniambia hiyo ni kawaida, data ni chache. Mimi nikamwambia data si chache, ni familia iliyo nyingi.

Kwa hiyo ninyi mnaotupima, acheni kuipima laini moja moja mkadhani mmempima mtu. Huku hakuna anayechagua simu peke yake: aliye na kazi anapiga, aliyezaa anaflashi, mdeni anaandika, na mkwe anaheshimiwa. Pimeni ukoo. Njooni Jumamosi, si Jumanne asubuhi mnapokuja na magari yenu ya vipimo wakati wote tuko shambani. Na kabla hamjanitengea bando lingine la usiku wa manane, leteni busta upande huu wa kilima, yenye stima yake.

Na wewe msomaji mwenye namba yangu: asubuhi piga laini ya kwanza, mvua ikianza niandikie, na kama unanidai usiniite nikiwa kisikini. Wakwe mnaweza kupiga saa yoyote ya mchana, nitapokea nikiwa nimesimama. Shemeji mwenye duka, Ijumaa hii piga wewe.